Mtu wa TB

Tangu amalize dawa, Sulle wa Gitting alikuwa na tabia moja ambayo mkewe peke yake aliijua. Kila alipoingia nyumba ya watu, kabla hata salamu hazijaisha, alitazama kwanza anakalishwa wapi. Akikalishwa katikati ya wenzake, siku yake ilikuwa njema. Akipewa kigoda karibu na mlango, "upate hewa, mzee," basi chai ya nyumba hiyo ilimshinda kumeza, hata iwe ya maziwa matupu.

Miaka miwili ilikuwa imepita. Miezi sita alimeza vidonge vya kifua kikuu bila kuruka hata siku moja, nesi akampima, akampa mkono mbele ya watu waliokaa kwenye benchi la zahanati, akamwambia, "Mzee umepona, nenda kalime." Akaenda akalima. Lakini mwili ndio unaotibiwa kwenye zahanati, midomo ya watu haina dawa. Kwenye jumuiya walimtengea kikombe chake. Kwenye harusi ya jirani walimkatia nyama yake pembeni, wakasema ni heshima ya mzee. Heshima gani hiyo ya kula peke yako kwenye sahani ya plastiki? Sulle alikula, akashukuru, akarudi nyumbani mapema. Neno lenyewe, TB, halikutajwa tena kwake. Fransiska, mkewe, aliuita ugonjwa huo "ule wakati", na wageni wenye busara walimfuata hapo hapo.

Ijumaa hiyo, hata hivyo, hakuwa na habari za ugonjwa kichwani. Alikuwa anashuka Katesh na binti yake Hilda kununua laptop.

Hilda alikuwa amepata kazi. Mkataba wa mwaka mzima na mradi wa maharage: kuzunguka kwa wakulima wa Nangwa, Mogitu na Gitting kwenyewe, kupiga picha za mashamba, kuandika nani amepanda mbegu gani na amevuna nini. Barua ilisema aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi akiwa na laptop yake mwenyewe. Asiyekuwa nayo asihangaike kuja, maana orodha ya waliokuwa wakingoja ilikuwa ndefu. Sulle alisikiliza barua hiyo ikisomwa mara mbili, akatoka nje, na siku ya mnada akauza maksai mmoja. Waliobaki walikuwa wawili, na wawili wanatosha jembe.

"Mnunue yenye stoo kubwa," alisema Fransiska asubuhi hiyo akiwamiminia uji. Neno la stoo alikuwa amelipata kwa Hilda mwenyewe, ambaye jana yake alijaribu kuwaeleza kompyuta inavyotunza mambo.

"Mama, stoo siyo kila kitu. Kuna RAM, kuna betri, kuna na uzito wa kubeba."

"Mwenye stoo ndogo hununua mahindi mwezi wa pili. Mimi nimesema."

"Mama yako amesema kweli," Sulle alidakia. "Hatuuzi maksai tukanunue kiroba."

Hilda alicheka tu, akanywa uji wake. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, amesomea mambo ya kumbukumbu za ofisi Babati, na alijua kwamba kubishana na wazazi wawili kwa wakati mmoja ni kupoteza uji wa moto.

Duka la Vicent lilikuwa chumba kimoja cha mbele kilichojaa maboksi, chaja zilizoning'inia na laptop za mtumba zilizopangwa juu ya meza ya kioo. Vicent mwenyewe alikuwa kijana wa maneno. Wapo wauzaji wanaouza bidhaa, na wapo wanaouza maneno wakakupa na bidhaa juu yake kama nyongeza. Vicent alikuwa wa hao wa pili, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo kabisa. Dada, mambo? Karibuni. Mzee, kaa hapo kwenye kigoda, upate hewa."

Kigoda kilikuwa mlangoni. Kilikuwa ndicho kigoda pekee cha duka zima, na ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuku kutaga, lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sulle alikaa. Alilifunga koti lake vizuri, lile lililompwaya tangu ule wakati, akaweka mkono juu ya mfuko wa ndani wenye fedha. Ndani walikuwepo wateja wawili, mama aliyeleta simu yenye kioo kilichopasuka na mwanamume wa makamo aliyekuja kuchaji.

Hilda alikuwa tayari ameshika laptop nyeusi, ndogo, nyepesi. Aliigeuza, akasoma maandishi ya chini, akabonyeza vibonye kimoja kimoja.

"RAM ngapi?"

"Nane, dada."

"Betri inakaa?"

"Saa nne ukiwa huangalii sinema."

Sulle alimsikiliza binti yake akiuliza maswali hayo, na kifua kikamjaa furaha. Mtoto wake, aliyekuwa akimtuma kurudisha ndama, leo anamhoji mfanyabiashara mpaka kijana wa watu anajikuna kichwa. Akaona si vizuri baba mwenye fedha akae kimya kama mzigo.

"Kijana," aliita kutoka mlangoni, "hiyo stoo yake inabeba ngapi?"

"GB mia mbili hamsini na sita, mzee."

"Hakuna kubwa zaidi?"

Hapo Vicent alipata alichokuwa akikingoja. Alipiga makofi mara moja, akawageukia wateja wote, akanyoosha kidole mlangoni.

"Unaona sasa? Kuna watu wa GB na kuna watu wa TB. Huyu mzee nimemwona tu anaingia, nikasema moyoni, huyu hawezi kunidanganya, huyu ni mtu wa TB. Sura tu inaonyesha."

Mama wa simu alicheka. Mwanamume wa kuchaji alicheka pia, akamtazama Sulle juu mpaka chini, kwa wema tu, kama mtu anavyomtazama mzee anayetaniwa.

Sulle hakusikia wema. Alisikia neno moja. Wazo lililomjia lilikuwa moja tu: nani amewaambia? Gitting ni mbali na hapa. Au ni koti? Au ni shingo bado nyembamba? Aliinuka taratibu.

"Hilda, twende."

"Baba, subiri, anatoa nyingine."

"Nimesema twende."

Akatoka bila kuaga. Vicent alibaki ameshika laptop kubwa ya kijivu kifuani kama mtoto aliyekataliwa na mlezi.

Hilda alimkuta baba yake mbele ya mashine ya kusaga, amesimama akiangalia magunia ya watu ambayo hayakumhusu. Upepo wa Katesh ulikuwa unapeperusha pumba, na pumba zilimkaa kwenye nyusi, wala hakuzifuta.

"Baba, kuna nini? Bei hata hatujaanza."

"Duka lile hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hapana."

"Lakini ile ndogo ni nzuri, na mimi nimeiangalia vizuri. Leo ni Ijumaa. Kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili, mimi Jumatatu natakiwa niwe mezani."

"Mji huu una duka moja?"

Hilda alimheshimu baba yake, lakini heshima haimzuii mtu kuumia, na yeye aliumia. Alihamia Kiiraqw, lugha yao ya mambo yasiyowahusu wapita njia, akasema polepole:

"Kama hutaki niende kazini, niambie tu hapa. Nitarudi nyumbani nikapure maharage. Sitasema kitu kwa mama."

Kofi lingemuuma Sulle kidogo kuliko hilo. Alitaka kumwambia kwamba alipouza maksai yule alirudi njia nzima akiimba, na hakuwahi kuimba barabarani tangu ujana wake. Alitaka kumwambia habari ya kigoda. Lakini utaanzaje kumwambia mtoto wako kwamba baba yake amesomwa usoni na muuza chaja?

"Kuna duka lingine kule kwenye steshenari," alisema. "Twende."

Duka la steshenari lilikuwa la Angela, mwanamke mnene mpole, aliyekuwa akitoa fotokopi za vyeti vya watu huku mtoto wake wa miaka mitatu amekaa juu ya kaunta akichora karatasi zilizoharibika. Shikamoo ikatolewa, marahaba ikarudi. Sulle, kwa hiari yake, alisimama karibu na mlango. Mtoto alimwonyesha mchoro wake, na Sulle, ambaye hajawahi kumpita mtoto, alisogea akasema ni ng'ombe mzuri sana. Kumbe alikuwa ni bibi.

"Laptop ninazo mbili tu," Angela alisema akiifuta moja vumbi. "Hii ndogo ina tatizo la kibodi, nisikudanganye. Herufi ya A haishiki. Hii nyingine ndiyo ina TB."

Sulle aliweka mikono miwili juu ya kaunta.

"Mama," alisema, "hapa Katesh mmeitisha mkutano juu yangu?"

"Mkutano gani, mzee?"

"Mimi nilimaliza dawa. Miezi sita, siku kwa siku. Kadi yangu ipo nyumbani, mkitaka nitaileta. Nesi alinipima akanipa mkono. Kila duka ninaloingia ni TB, TB, TB. Mtu akipona mnataka afanye nini tena?"

Mashine ya fotokopi ilitoa cheti cha mtu, ikasimama.

Hilda alielewa yote kwa mara moja: kigoda, koti, "twende", pumba kwenye nyusi. Kicheko kilimpanda mpaka kooni, kikubwa, cha kumwaga machozi. Kisha akaona kitu ambacho kilikirudisha chini. Angela, bila hata kukunja uso, alikuwa amenyoosha mkono akamtelemsha mtoto wake kutoka kwenye kaunta.

"Njoo huku, mama. Njoo ukae huku nyuma." Kisha kwa Sulle, kwa upole wote: "Pole sana, mzee wangu. Poleni na kuugua."

Alikuwa mwanamke mwema. Hilo ndilo baya la jambo hili, kwamba mara nyingi hufanywa na watu wema. Sulle alimwona mtoto akiondoka na kalamu yake, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Asante, mama," alisema. "Tumeshapoa."

Nje, Hilda alimshika mkono. Hakuwa amemshika baba yake mkono barabarani tangu darasa la pili.

"Baba, nisikilize. Wale hawakuwa wanakusema wewe. TB ni kipimo."

"Kipimo cha nini?"

"Cha stoo. Kuna GB, si umesikia? Basi GB zikifika elfu moja na kidogo, hawasemi tena GB, wanasema TB. Terabaiti. Kama vile madebe yakiwa mengi unasema gunia."

Sulle alisimama katikati ya njia. Mwendesha pikipiki alipiga honi, akamzunguka.

"Terabaiti."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yule kijana aliposema mimi ni mtu wa TB…"

"Alikuwa anakusifu. Anasema wewe ni mtu wa vitu vikubwa. Anataka ununue ya bei."

Hasira ilikuwa imepata mahali pa kukaa mwilini mwa mzee, na sasa inaambiwa ihame haraka hivyo. Mwishowe aliuliza:

"Jina hilo nani alilitoa?"

"Wazungu, nafikiri."

"Hawakuwa na herufi nyingine?"

Hapo Hilda alicheka kile kicheko alichokuwa amekibana, na Sulle naye, akijitahidi kununa, alishindwa. Walicheka mpaka muuza ndizi wa kando akaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha binti akajifuta macho, akasema, "Baba, nisamehe. Nilidhani hutaki niende."

"Nani hataki? Mimi ningeuza na wale wawili waliobaki, nikalima kwa mkono." Akatazama chini. "Niliona aibu, mwanangu. Ni hilo tu. Naona aibu kila mahali, imekuwa kazi yangu ya pili."

Hilda akamfuta pumba kwenye nyusi.

"Twende nyumbani," alisema. "Kesho asubuhi tutakwenda Babati. Kule hatujulikani."

Sulle aliutazama mji. Tayari alikuwa amelitamka neno lile kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mwanamke asiyemjua, na mtoto akaondolewa kaunta, na yeye bado alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili. Fransiska alizoea kumwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuwa ameficha maradhi, alikwenda kupimwa siku ya tatu tu ya kukohoa damu. Alichokificha ni kupona, na hicho ndicho kilichokuwa kinamtafuna.

"Babati nauli ya nini?" alisema. "Yule kijana alinipa shikamoo yangu vizuri, mimi nikamwachia mgongo. Turudi."

Vicent alipowaona mlangoni aliweka chini chaja aliyokuwa anaifunga. Mwanamume wa kuchaji alikuwa bado yupo, na mama wa simu pia, maana kioo kilikuwa bado kinakauka gundi.

"Mzee, kama nilikukosea…"

"Hukunikosea. Ngoja niseme, nikikaa sitasema." Sulle alivua kofia. "Mimi niliugua TB. Ile ya kifua. Nimepona, sasa ni miaka miwili. Uliposema mimi ni mtu wa TB, nilijua unanisema mimi. Nikaondoka na hasira. Sasa binti yangu amenieleza kuwa TB yako ni nyingine."

Mama wa simu alifunika mdomo. Vicent uso ulimbadilika, akaangalia kwanza kigoda, kisha mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo maneno yalimwishia.

"Kwa hiyo nimerudi," Sulle aliendelea. "Nieleze hiyo TB yako inafanya kazi gani. Yangu naijua."

Alianza kucheka mwanamume wa kuchaji, kisha wote wakafuata. Vicent alikitoa kigoda mlangoni, akasukuma maboksi mawili kwa mguu, akamweka mzee mbele ya meza kabisa.

Kazi ya kununua sasa ilianza, na Sulle aliifanya kama anavyonunua ng'ombe, yaani bila haraka na bila huruma. Aliagiza mashine zote mbili ziwashwe kwa wakati mmoja, hii ndogo nyeusi ya GB na ile kubwa ya kijivu ya TB. Ndogo iliamka kabla hajamaliza kupiga chafya. Kubwa ilinguruma, ikazungusha kaduara, ikazungusha tena. Mama wa simu akalipa, akaaga, akaondoka, kaduara bado kanazunguka.

"Hii inafikiri nini?" aliuliza Sulle.

"Diski yake ni ya kuzunguka, mzee, ya zamani. Ila inabeba sana. Hii ndogo diski yake ni ya kisasa, SSD, haizunguki, ndiyo maana ina haraka."

"Na ile RAM aliyokuwa anaiuliza binti? Hiyo nayo ni stoo?"

Vicent alianza kueleza, akajifunga kwenye maneno ya Kizungu, akasimama. Hilda aliokoa.

"Baba, stoo ni pale darini, mahindi yakishaingia. RAM ni uwanja wa kupuria. Kazi inafanyika pale. Uwanja ukiwa mdogo, hata kama dari ni kubwa namna gani, mtapura kidogo kidogo na wengine watasimama wanangoja."

"Kubwa ina uwanja kiasi gani?"

"Nne," alikiri Vicent. "Ndogo ina nane."

Sulle alisogeza kigoda. Macho yalikuwa yamemwaka. "Kumbe. Huyu ana dari kubwa na uwanja wa kuku. Betri yake?"

"Saa moja na nusu. Ukimhurumia, mbili."

"Huko Mogitu nani atamwekea umeme katikati ya shamba la watu?" Aliinyanyua ya kijivu kwa mkono mmoja, akaipima kama mtu anayepima jogoo. "Na uzito huu juu ya pikipiki. Hapana. Ng'ombe wa kulima humtazami tumbo."

"Basi ndogo," alisema Hilda haraka, kabla upepo haujageuka.

"Taratibu. Picha za mashamba utaziweka wapi? Mwaka mzima, vijiji vyote hivyo. Mama yako ataniuliza stoo, nami nitamjibu nini?"

Ukweli ni kwamba hilo lilimsumbua hata Hilda. Picha za mradi zilitakiwa kubwa, zisizobanwa, na GB mia mbili hamsini na sita zingejaa kabla ya mavuno.

Sulle aliziangalia mashine zote mbili, akajikuna kidevu.

"Mimi nikienda shambani sibebi dari," alisema hatimaye. "Nabeba kiroba. Jioni kiroba kinarudi, kinamwagwa stoo, asubuhi kinatoka kitupu. Kijana, hiyo TB haiwezi kutolewa ikakaa peke yake? Akae nayo nyumbani. Shambani aende na hii ndogo, akirudi amwage."

Vicent aliweka viwiko mezani, akamtazama kwa heshima ambayo haikuwa ya biashara.

"Mzee, hicho ndicho wanachofanya watu wa ofisini. Inaitwa eksteno. Ninayo diski ya TB moja, nilitoa kwenye mashine iliyovunjika kioo. Naipima mbele yenu, naitia kwenye kava lake, unachomeka kwa waya."

"Kwa shilingi ngapi juu?"

"Elfu hamsini."

"Imetoka kwenye maiti, hiyo. Thelathini."

"Arobaini, na mkoba wa laptop bure."

"Thelathini na tano, na mkoba, na usiniite tena mtu wa TB."

Vicent alicheka, akakubali. Aliipima diski nusu saa nzima huku Hilda akiwa ameinama naye juu ya kioo, akanakili picha humo na kuzifungua moja moja mpaka akaridhika. Fedha za maksai zikatoka mfukoni, zikatosha, na zikabaki za nauli na sukari. Hilda aliufunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. Jumatatu ilikuwa imepatikana.

Walikuwa wamefika barazani Vicent alipowafuata. Aliangalia nyuma kama dukani kuna mtu, akashusha sauti.

"Baba, samahani. Naomba nikuulize kitu. Siyo cha biashara."

"Uliza."

"Mama yangu yuko Nangwa. Anakohoa tangu tupure maharage. Huu mwezi wa pili sasa. Yeye anasema ni vumbi."

Sulle alimtazama kijana huyo wa maneno mengi, akaona jinsi alivyokuwa mdogo.

"Jasho la usiku analo?"

"Dada yangu anasema anabadili kanga mara mbili."

"Amekonda?"

Vicent alitikisa kichwa kukubali. "Nimemwambia aende akapime. Hataki. Anasema akionekana kwenye lile benchi la zahanati, watu watamtengea kikombe."

"Ni kweli," alisema Sulle. "Watamtengea."

Hilda alimgeukia baba yake kwa mshangao. Alidhani atasema la kutia moyo. Lakini Sulle alikuwa tayari ameketi kwenye ngazi ya baraza, hapo hapo njiani pa watu, akalikunjua koti lake na kunyoosha mkono.

"Simu yako ina salio? Mpigie. Nipe nizungumze naye."

Vicent alipiga, akamwambia mama yake maneno mawili matatu, akampa mzee simu. Watu walikuwa wanatoka kwenye mashine ya kusaga wakipita na mizigo yao, wengine wa Gitting kabisa, wakamsalimu, naye akawapungia. Hakupunguza sauti.

"Haloo, mama. Hujambo? Mimi hunijui. Naitwa Sulle, wa Gitting. Niliugua TB, nikapona. Uliza chochote unachotaka, muda ninao."